Jaba, bidii na mbuzi wa Eastleigh

Dada, umesema mdogo wako alianza kutafuna jaba, yaani miraa, alipoingia boda ya usiku. Anatoka na nguvu zake, lakini miezi minane anaganda kwenye steji isiyo na abiria. Ukimwambia ahame anakubali, kesho yuko pale pale. Umeuliza kama ni uvivu. Mimi naona si uvivu, na nina sababu.

Kabla sijasomea elimu ya wanyama nilimsaidia mjomba kuuza miraa Eastleigh miaka minne. Pikapu za kutoka mji wa Maua, Meru, zikifika, tunafungua majani ya mgomba haraka, tunachambua vifungu, mabaki tunayatupa kando. Mbuzi wa mtaa walikuja kuyala. Mmoja alikuwa mweusi, sikio limechanika, hakosi hata siku moja. Tulipohamisha kibanda ng'ambo ya barabara, wenzake walitufuata baada ya siku mbili. Yeye alibaki pale pa zamani, anakwarua lami tupu kwa kwato, anainua kichwa, anatutazama, anarudi kukwarua. Zaidi ya wiki. Nguvu alikuwa nazo tele, mkokoteni ukipita anaupiga pembe.

Mbuzi mmoja si ushahidi. Lakini nilimkumbuka chuoni niliposoma utafiti wa Marekani wa mwaka 2002. Tumbili walipewa kokeni mara moja kwa siku kwa siku 14, kisha wakaachishwa. Baadaye walifundishwa ni kitu kipi kinaficha chakula, wakajifunza vizuri tu kama wenzao. Watafiti wakageuza: chakula sasa kiko chini ya kile kingine. Hapo ndipo walipokwama, wakarudia chaguo la zamani tena na tena. Siku ya 30 bila dawa, tatizo lilikuwa bado lipo.

Utafiti mwingine, wa 2006, ndio unaonigusa zaidi. Panya walipewa amfetamini, dawa ya kuchangamsha mwili, siku saba, halafu wakafundishwa kubonyeza kitufe wapate chakula. Baadaye chakula kile kikaambatanishwa na dawa ya kuchafua tumbo, mpaka wakakikataa. Panya wa kawaida walipunguza kubonyeza. Waliopitia amfetamini waliendelea kukitafuta chakula ambacho wao wenyewe hawakitaki tena. Nikisoma vile namwona mdogo wako, saa tisa usiku, injini inanguruma, barabara haina mtu.

Sababu inayoelezwa sana ni dopamini, kemikali ya ubongo. Mnyama akipata kizuri kuliko alivyotarajia, ubongo huimwaga, na hiyo ndiyo alama ya kumwambia: hapa rudi. Dawa hizi huimwaga hata kama hakuna kilichopatikana. Alama inachorwa juu ya mahali, saa, harufu, mkono kwenye mpini, na inakuwa nzito kufutika. Mwaka 2007 watafiti walionyesha pia kwamba panya waliowahi kupewa kokeni huona kusubiri kuwa kugumu kuliko kawaida: kidogo cha sasa kinawavuta kuliko kingi cha baadaye.

Sitaki kukutisha. Kokeni na amfetamini za maabara ni kali kuliko kifungu cha jaba. Ila kathinoni iliyo ndani ya miraa ni ndugu wa amfetamini kwa umbo na kwa kazi yake, na huharibika miraa ikikauka. Ndiyo maana zile pikapu hukimbia vile. Na wewe umesema anatafuna kila usiku. Ongezea kukosa usingizi, ambako peke yake huvuruga maamuzi.

Kuna jambo la kutia moyo. Mwaka 2018 panya waliozoea methamfetamini, dawa ya jamii ya amfetamini, waliwekewa chaguo: dawa, au mlango unaofunguka kwa panya mwenzao. Wengi mno walichagua mwenzao. Kwa hiyo punguza kumhubiria, ongeza kuwa naye. Mtafutie steji moja yenye kazi, ya mchana ikiwezekana, umpeleke wewe mwenyewe, ukae naye hadi abebe abiria wa kwanza. Rudia wiki nzima. Kumwambia tu umeshajaribu miezi minane.

Yule mbuzi, mwenye kumfuga alimfunga kamba akawa anamvuta kila asubuhi hadi nyuma ya hoteli kwenye maganda ya viazi. Siku tatu aligoma katikati ya barabara, shingo imekakamaa. Ya nne alitembea. Wiki iliyofuata nilimwona akikata kona ya hoteli peke yake, kamba haipo.