Nitafadhiliwaje kuchunguza mifupa ya wanaanga?

SWALI: Mwalimu, nasoma baiolojia, shahada ya kwanza. Nataka kuchunguza mifupa ya binadamu angani, ila wafadhili wanadai uzoefu. Nifanyeje?

JIBU: Mwanangu, usiombe fedha za roketi. Bila mazoezi ya kutosha, mwanaanga hupoteza takriban asilimia 1 ya madini ya mifupa ya nyonga kila mwezi. Hali hiyo huigizwa hapa hapa duniani: watu wa kujitolea hulazwa wiki kadhaa, kichwa kikiwa chini kwa nyuzi 6. Na data za majaribio mengi ya angani NASA imeziweka wazi, bure. Chagua swali moja dogo, uombe posho ya kufanya utafiti wakati wa likizo na gharama za uchambuzi tu, bajeti ndefu (nimezisoma!) huchosha. Barua ya msimamizi iombe mapema, wahadhiri tunasahau.