Maswali ya Wasomaji: Redio ya CB, Skrubu za Ndani na Antena ya Paani

SWALI: Assalamu alaikum, Bwana Fundi. Ami yangu anayeishi Maskati amenizawadia redio ya CB, ile ya wananchi ya kuzungumziana, yenye chaneli 40, ya AM na SSB (mitindo miwili ya kutuma sauti), aliyokuwa akiitumia ndani ya gari. Nimeifunga nyumbani kwa betri ya gari, na antena yake ya sumaku nimeiweka juu ya paa la bati. Rafiki yangu anayejifunza ufundi ananishauri tuifungue, tuzungushe skrubu ya nguvu mpaka mita ifike wati 8 au 10, kisha tukate kifaa kinachozuia sauti isizidi, kwani anasema redio hizi hufungwa makusudi kiwandani. Je, ni kweli kwamba tutasikika mbali zaidi?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaikumu salaam, mwanangu. Rafiki yako amepatia katika jambo moja, kwamba redio hizi hutoka kiwandani zikiwa zimewekewa mpaka. Kanuni za Marekani, ambazo watengenezaji wengi huzifuata, zinaruhusu wati 4 kwa AM na wati 12 za kilele kwa SSB, katika chaneli zinazoanzia 26.965 MHz hadi 27.405 MHz. Transista ya mwisho, ile inayosukuma nguvu kwenye antena, mara nyingi huweza kutoa zaidi ya hapo, na skrubu anayoizungumzia ipo kweli. Lililobaki ni kuuliza utapata nini ukiizungusha.

Sindano ya redio ya anayekusikiliza hupanda alama moja ya S, kipimo cha nguvu ya wimbi linalopokewa, pale tu nguvu yako inapozidishwa mara nne, yaani kutoka wati 4 hadi 16. Ukifika wati 8 umemwongezea nusu ya alama, tofauti ambayo sikio lake halitaitambua kwa urahisi. Tena katika AM kuna hasara ambayo wanaozungusha skrubu hawaielezi. Sauti yako husafiri juu ya wimbi mbebaji, na wimbi la wati 4 likibeba sauti kikamilifu, vilele vyake hufika wati 16. Ukilipandisha wimbi hilo hadi wati 8, vilele vingepaswa kufika wati 32, uwezo ambao transista ndogo inayolishwa volti 13.8 haina, kwa hiyo hukata vilele hivyo, na wewe unasikika mzito, kama mtu anayesema ndani ya mtungi, ilhali mita yako inakuonyesha kwamba mambo ni mazuri. Ndiyo sababu baadhi ya mafundi wenye uzoefu hufanya kinyume chake: hulishusha wimbi mbebaji hadi wati 2 au 3 ili sauti ipate nafasi ya kupanda.

Ama hicho kifaa cha kuzuia sauti, kiacheni mahali pake. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba modulesheni, yaani kiwango cha sauti kinachobebwa na wimbi, haivuki asilimia 100. Ikivuka, wimbi hukatika kabisa katika mabonde ya sauti, na kila mkatiko huzaa takataka zinazomwagika kwenye chaneli za jirani, ambazo nyingi zimeachana kwa 10 kHz tu. Anayekusikiliza hatapata maneno zaidi. Atapata mikwaruzo, na walio chaneli ya juu na ya chini yako watakulaani.

Jambo linalonifanya niwe mkali zaidi ni koili. Rafiki yako akishamaliza skrubu ya nguvu, atashawishika kugusa koili zilizo baada ya transista ya mwisho, azizungushe huku akitazama mita ya wati. Punje za feraiti zilizo ndani ya koili hizo hupasuka kwa bisibisi ya chuma, na zinahitaji bisibisi ya plastiki. Lakini huo ni uharibifu mdogo. Baadhi ya koili hizo zimewekwa ili kuchuja hamoniki, yaani mawimbi yanayojitokeza kwenye masafa yaliyozidishwa mara mbili, mara tatu na kuendelea. Mita ya wati haijui kutofautisha masafa: hujumlisha wimbi lako na uchafu wake pamoja. Ukizungusha koili mpaka sindano ifike juu kabisa, huenda ulichoongeza ni uchafu mtupu. Piga hesabu uone: masafa ya CB yakizidishwa mara nne huangukia kati ya 107.86 na 109.62 MHz, mahali ambapo mkanda wa redio za FM unaishia na ambapo, kuanzia 108 MHz, mkanda wa vifaa vya kuongozea ndege unaanza. Visiwa vyetu ni vidogo na ndege hupita juu ya mapaa yetu kila siku. Hapo si mahali pa kufanyia majaribio.

Sasa nije kwenye kazi yenye faida, ambayo iko nje ya redio. Urefu wa wimbi lenu ni mita 11 hivi, na robo yake ni mita 2.75. Antena fupi ya sumaku imezungushiwa waya ndani ili ijifanye ndefu, na hulipa kwa ujanja huo kwa kupoteza sehemu ya nguvu. Bati chini yake husaidia, maana hufanya kazi ya ardhi, ila bati lililoota kutu kwenye maungio huweza kugeuka kuwa kama diodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na kuzalisha kelele zake lenyewe. Ukiwa na mlingoti au mti mrefu wa mwanzi, jitengenezee antena ya robo ya wimbi: fimbo moja iliyosimama, ya shaba au alumini, yenye urefu wa mita 2.62 hivi, na chini yake waya nne za urefu huohuo au zilizozidi kidogo, zikiteremka kwa pembe ya nyuzi 45. Fimbo iunganishwe na waya wa kati wa kebo, na zile nne ziunganishwe na wavu wa nje. Waya zikinyooshwa mlalo, ukinzani wa antena huwa takriban omu 36. Zikiteremshwa namna hiyo hukaribia omu 50, ambazo ndizo redio inazozitarajia. Usiusimamishe mlingoti mahali ambapo ukianguka utagusa nyaya za umeme, na msimu wa radi ukiwadia, chomoa kebo uitoe nje ya nyumba.

Kisha azima au nunua mita ya SWR, inayoonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinachorudishwa na antena, kifaa rahisi kuliko vyote nitakavyokutajia hapa. Ifunge kati ya redio na kebo, weka swichi upande wa nguvu inayokwenda, bonyeza kitufe cha maikrofoni bila kusema neno, peleka sindano mwisho wa kipimo, kisha geuza swichi usome inayorudi. Fanya hivyo kwenye chaneli ya 1, ya 20 na ya 40. Chaneli ya 1 ikisoma juu kuliko ya 40, antena yako ni fupi; chaneli ya 40 ikisoma juu, ni ndefu, na hapo utakata kidogokidogo, sentimita moja kila mara, ukipima upya. SWR ya 1.5 hurudisha asilimia 4 tu ya nguvu, na hakuna sababu ya kuikosea usingizi. SWR ya 2 hurudisha asilimia 11. Ikifika 3, robo nzima inarudi, na transista ya mwisho imo hatarini. Acha kubonyeza kitufe mpaka upate kasoro ilipo.

Ndani ya redio yenyewe yapo mambo halali ya kufanya ikiwa ni ya zamani. Kapasita za elektroliti hukauka na zinafaa kubadilishwa, swichi husafishwa, na maungio ya risasi ya kuchomea yaliyopasuka huchomwa upya. Masafa yakiwa yamehama, fundi mwenye kihesabu masafa huweza kuyarekebisha kwenye kristali, ambayo katika redio nyingi za aina hii ni ya 10.240 MHz, asiye na kifaa hicho asiiguse.

Na kabla ya kubonyeza kitufe kwa mara ya kwanza, wasiliana na ofisi ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoko Zanzibar, uulize kuhusu kibali cha redio hiyo, kwa kuwa matumizi ya masafa nchini yanasimamiwa na mamlaka hiyo chini ya sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010. Redio iliyobadilishwa ndani si ileile iliyopimwa na kuidhinishwa na nchi yoyote, na utakuwa umejinyima hoja yako ya kwanza ya kujitetea.

SWALI: Fundi, nimeambiwa kwamba kebo ya dishi la televisheni haifai kabisa kwa CB kwa sababu ni ya omu 75, na kwamba itaunguza redio. Hapa madukani kebo hiyo ndiyo inayopatikana kwa wepesi. Nifanye nini?
Msomaji, Mwanakwerekwe, Unguja

JIBU: Ndugu yangu, aliyekuambia hivyo ametia chumvi. Tofauti ya omu 75 na 50 huleta SWR ya 1.5 hivi, ambayo nimeieleza hapo juu, na kebo nzuri ya dishi hupoteza nguvu kidogo kuliko RG-58, kebo nyembamba ambayo wengi huisifu kwa sababu tu imeandikwa omu 50. Mita 30 za RG-58 hula takriban thuluthi moja ya nguvu yako au zaidi katika masafa haya. Ikiwa kebo yako ni ya mita 8 au 10, hutaona tofauti yoyote ya kukuudhi kati ya hizo mbili.

Ubaya wa kebo ya dishi ni wa aina nyingine. Wavu wake wa nje mara nyingi ni wa alumini, ambao haushiki risasi, na waya wake wa kati huwa chuma kilichopakwa shaba, kwa hiyo maungio yake hulegea na hewa ya chumvi huyala upesi. Ukiitumia, tumia viungio vya kubana, si vya kuchoma, na maungio ya nje uyafunge kwa utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe, tabaka juu ya tabaka, kuanzia chini kwenda juu ili maji ya mvua yateremke bila kupenya. Ukijaaliwa kupata RG-213, kebo nene ya omu 50, kwa bei unayoiweza, ichukue bila kusita, hasa kama mlingoti uko mbali na nyumba.

Angalizo moja ambalo watu hulisahau: kebo iliyooza husoma vizuri kwenye mita. Nguvu inayorudi hufia njiani kabla ya kuifikia mita iliyo karibu na redio, na wewe unafurahia SWR ya 1.2 juu ya antena iliyokatika. Ikiwezekana, pima pia kule juu, mguuni mwa antena.

SWALI: Mwalimu, sisi ni marafiki wawili, mmoja Makunduchi na mwingine Mkokotoni. Hatusikilizani hata kidogo, lakini mchana baadhi ya siku nasikia watu wakizungumza kwa lugha za mbali, waziwazi kana kwamba wako mtaani. Usiku redio hujaa ngurumo. Je, redio yangu ina hitilafu?
Msomaji, Makunduchi, Unguja

JIBU: Haina hitilafu, Bwana. Mawimbi ya 27 MHz husafiri kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kutambaa juu ya ardhi au bahari, na huko hufifia upesi, hasa penye miti, vilima na nyumba. Juu ya maji ya chumvi hufika mbali zaidi, na mtu wa Makunduchi huenda akasikilizana na chombo kilichoko baharini upande wa kusini kwa urahisi kuliko na mwenzake wa kaskazini mwa kisiwa. Njia ya pili ni kupanda hadi kwenye tabaka za hewa zilizochajiwa na jua, na kurudishwa chini mbali sana. Ruko moja la tabaka ya juu huweza kufika hadi kilomita 4,000 hivi, karibu umbali wa kutoka hapa hadi Maskati, na kila kilicho kati ya mwisho wa mtambao na mahali wimbi linaposhukia hubaki kimya. Rafiki yako wa Mkokotoni yuko ndani ya ukimya huo. Jua lina mzunguko wa miaka 11 hivi, na miaka ya kilele chake ndiyo ambayo mazungumzo hayo ya mbali huwa mengi. Amplifaya haitaondoa tatizo lenu. Mkitumia SSB badala ya AM na kila mmoja akaiinua antena yake juu ya minazi iliyomzunguka, mtakuwa na matumaini.

Kuhusu ngurumo za usiku, anza na nyumba yako mwenyewe. Iwashe redio kwa betri, kisha zima swichi kuu ya umeme. Kelele zikikoma, washa kimoja baada ya kingine: taa za LED za bei nafuu, chaja za simu na inveta za sola ndizo zinazoshukiwa kwanza. Mhalifu akipatikana, mbadilishe au uzungushe waya wake mara kadhaa kwenye pete ya feraiti. Kelele zikiendelea hata baada ya umeme kuzimwa, zinatoka kwa jirani, na hapo utahitaji maneno mazuri zaidi kuliko vifaa.

SWALI: Mimi ni mvuvi. Je, CB iliyoongezwa nguvu itanitosha kwa usalama baharini?
Msomaji, Nungwi, Unguja

JIBU: Haitakutosha, hata ikiongezwa vipi, kwa sababu meli na bandari hazisikilizi huko. Husikiliza chaneli ya 16 ya redio za VHF za baharini, yaani 156.8 MHz. Pesa unayotaka kumpa fundi wa kuongeza nguvu, iweke akiba ya redio ya mkononi ya VHF isiyoingia maji, uifuatilie leseni yake, na uifunge kwa kamba kwenye mwili wako badala ya kuifunga chomboni.