Shangazi, huyu mteja wa WhatsApp ni harusi kweli ama ni tapeli?

Safu ya maswali ya wasomaji: kazi za mikono na pesa zake

SWALI: Salaam aleikum shangazi. Mi ni mpaka hina na mpambaji wa maharusi hapa Lamu, Langoni. Nafanya kazi mwenyewe, sina saluni, wateja wanipata Instagram na kwa wenye nyumba za wageni kule Shela. Wiki iliopita nimepata meseji WhatsApp, mtu asema yuko nje, binti yake aolewa Lamu tarehe 14 mwezi wa pili, ataka wanawake tisa wafanyiwe meikapu, nywele na hina, wote asubuhi ile ile ya harusi. Nikamwambia bei ni 65,000, hata hakuvutana na mimi. Asema yuko melini na masikio yake hayasikii vizuri, kwa hio tusipigiane simu, tuandikiane tu. Atalipa kwa kadi ya benki 150,000, mi nitoe zangu, nijiongeze 5,000 za shukrani, halafu 80,000 nimtumie kwa M-Pesa dereva atakaewaleta maharusi mpaka mlangoni kwangu, ati huyo dereva hana njia ya kupokea kadi. Mume wangu asema ni riziki, msimu uliopita ulikuwa mbaya. Mi moyo wanidunda. Nifanyeje?
Mpaka hina, Langoni

JIBU: Waalaikum salaam mwanangu. Usitume hata shilingi moja. Nimeanza na hilo ili upate jibu kwanza, sasa kaa nikueleze sababu, na mumeo pia umsomee.

Ebu isome tena hio meseji polepole. Dereva atawaleta mpaka mlangoni kwako Langoni. Dereva wa nini? Vichochoro vya mji wa Lamu ni vya miguu na punda, mgeni akija kwa ndege anashuka kisiwa cha Manda anavuka kwa boti, akija kwa basi anashukia Mokowe na hapo pia ni boti. Mtu alieamua kuoza binti yake Lamu, akakodi nyumba, akauliza habari za ndege za watu tisa, hilo ni jambo la kwanza kabisa analoambiwa. Huyu wako halijui kwa sababu hana harusi. Ana meseji moja tu ameiandika siku nyingi, anaituma kwa wapambaji wa Lamu, wa Nairobi, wa London na wa Chicago, anawatumia pia wapiga picha na wapishi wa keki, anabadilisha jina la mji na aina ya kazi basi. Huko kwengine dereva anaingia akilini, kwenu haingii.

Halafu hio hina. Wewe fundi unajua kushinda mimi, hina ya bibi harusi inapakwa siku moja au mbili kabla, ikauke, ibanduliwe, rangi ipate muda wa kukolea. Watu tisa, mpakaji mmoja, hina na nywele na meikapu, asubuhi moja? Ulivyomwambia bei ulimuuliza wataanza saa ngapi? Bibi harusi wa kweli ana maswali mengi mpaka yanachosha, mara anakutumia picha ya nguo, mara anauliza kama meikapu itahimili joto na jasho la pwani, mara anataka kujua ile hina nyeusi ya kuchanganywa na dawa ya nywele kama itamchoma ngozi (na inachoma kweli, usimpake mtu). Tapeli hana swali hata moja la kazi yako. Maswali yake yote ni ya malipo, unapokea kadi, nani mwenye akaunti, jina lako kamili ni nani, benki gani.

Lakini tuseme angejua kila kichochoro cha Lamu, bado ile njia ya pesa ndio ingemuumbua. Mchezo wenyewe ni huu. Kadi atakayokulipa nayo ni ya mtu mwengine, imeibiwa. Pesa zitaonekana zimeingia kweli, utafurahi, utamtumia huyo "dereva" elfu themanini zako za M-Pesa ambazo atazitoa dakika ile ile. Baada ya wiki kadhaa, pengine hata miezi, mwenye kadi anaona kwenye hesabu zake kuna 150,000 hakuzitumia yeye, analalamika kwa benki yake, benki inazirudisha kwake, na zinavutwa kutoka kwako wewe ulielipwa. Zote 150,000. Za dereva hazirudi, manake ulizituma mwenyewe kwa hiari yako. Akikuletea hundi badala ya kadi ni mambo yale yale, hundi ya nje inaweza kuonekana kwa akaunti halafu ikaja ikarudishwa haina kitu. Na kuna jengine watu hawalifikirii, pesa za wizi zikipita mikononi mwako, siku polisi wakifuatilia wanaanza na jina lako, sio la huyo wa melini.

Najua hivi kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa napamba Malindi miaka hio, msimu wa Waitaliano umejaa, nikaletewa hundi kubwa kuliko bei yangu, ya ziada ni ya mpiga picha, nimpelekee. Nikaiweka, siku chache baadae benki wakaniambia iko kwa akaunti, nikatoa 40,000 nikampelekea. Wiki ya tatu naitwa benki, hundi ni feki, nadaiwa. Niliuza bangili zangu mbili za dhahabu nilizopewa na mamangu. Mwezi mzima sikumwambia mtu, nikajiona mjinga, na hio aibu ndio inawasaidia hawa watu manake sote tunanyamaza kila mmoja kivyake. Kwa hio wewe kuandika umefanya jambo kubwa, wallahi.

Kuhusu masikio, sitaki mtu anielewe vibaya. Kuna viziwi wanaolewa na wanaoza watoto kama watu wote na wanastahili kupambwa vizuri. Ila kiziwi anaweza kukupigia video ukamuona uso, anaweza kumpa simu binti yake, dadake, mwenye nyumba. Tapeli anasema hasikii ili usimsikie sauti, kisha yuko melini usimuone, kisha kesho utaambiwa amelazwa hospitali. Milango yote inafungwa isipokuwa ule wa pesa.

Sasa usimtukane wala usimuulize "wewe ni tapeli?". Muandikie hivi tu: "Tunafurahi kukukaribisha. Nyumba gani Shela mmekodi, niongee na msimamizi? Mnashukia Manda ama Mokowe? Arabuni ni nusu ya bei, inalipwa kamili bila kuzidi, mimi silipii watu wengine." Kama ni mtu wa kweli anakujibu ndani ya siku moja, na Shela sote tunajuana, utapiga simu kwa msimamizi wa nyumba na jambo litakwisha. Kama ni tapeli atarudia tena habari ya dereva, ama atakasirika, ama atapotea. Akishapotea chukua skrinshoti za maongezi yote kabla hujamblok, ile namba ya "dereva" ndio muhimu zaidi manake imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu hapa hapa Kenya. Ukitaka kuripoti piga bure DCI, polisi wa upelelezi, 0800 722 203. Tangu 2018 tuna sheria ya uhalifu wa mitandao, hili ni kosa la jinai, sio ujanja wa mjini.

SWALI: Shangazi hujambo. Mi nasuka nywele Malindi, naenda mpaka Watamu nikiitwa. Kuna dada alibuk kwa simu, akasema ametuma 3,500 badala ya 1,500, meseji ya M-Pesa nimeiona kabisa, akaanza kulia nimrudishie 2,000 mtoto ni mgonjwa. Nikamrudishia. Kuangalia salio, hakuna kilichoingia. Na hakuja kusukwa. Nilikosea wapi?
Msusi wa Malindi

JIBU: Sijambo mwanangu, pole sana. Ni yale yale ya yule wa Lamu, wamepunguza tu ukubwa. Pesa imezidi, rudisha ilozidi, fanya haraka.

Ulikosea kuamini meseji badala ya salio. Meseji ya kweli inatoka kwa jina MPESA na inajipanga chini ya zile zako za zamani, sio kwa namba ya mtu ya 07 au 01, lakini hata hio usiitegemee peke yake ukiwa na haraka na mikono imejaa mafuta ya nywele. Fungua programu ya M-Pesa au piga *334# uangalie salio lako mwenyewe. Dakika moja haizidi, na mteja wa kweli atangoja.

Na hata ikiwa imeingia kweli kimakosa, usirudishe kwa mkono wako. Mwambie aisambaze ile meseji yake ya kutuma kwenda 456, Safaricom watashughulikia wenyewe. Akikataa hapo ushajua. Namba ya tapeli itume 333. Na atakaekupigia ati ni wa Safaricom anataka kukusaidia kuzipata pesa zako, angalia kama ni 0722 000 000, na hata iwe ni hio, PIN haitajwi kwa mtu yeyote, hata kwa mumeo sioni kwa nini.

Hio 456 pia ina upande wake wa pili, kuna wanaosukwa masaa sita, wanalipa pesa za kweli, wakifika steji wanaomba zirudishwe. Ndio maana nawaambia mnaofanya kazi hii kila siku mfungue Pochi la Biashara, ile akaunti ya M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo, kwa laini yako ile ile, mteja hawezi kuzivuta tena bila wewe kukubali.

SWALI: Nafanya masaji ya uso, kucha na waksi nyumbani kwa wateja, Malindi. Wanaume wananiandikia usiku, "uko free sahii? uko peke yako?" na wengine wanasema ni mabuking ya wake zao. Nitawajuaje?
Msichana wa kucha

JIBU: Mke ana simu. Sema "mpe mkeo namba yangu aniandikie anavyotaka kucha", ukisikia kimya basi. Anaeuliza uko peke yako kabla hajauliza bei haji kufanya kucha.

Weka saa zako wazi kwa profaili, mwisho saa kumi na mbili jioni, na usibadilishe hata akisema atalipa mara tatu, hapo ndio hasa usiende. Nyumba mpya usiende bila kumtumia dadako lokesheni na namba ya mteja, na umpigie ukifika mbele ya huyo mteja, asikie. Nyumba nyingi za kukodisha Casuarina na Watamu zina askari getini, muulize askari nani yuko ndani kabla hujaingia. Nakuomba hilo kama mamako, kazi utapata nyengine.

SWALI: Shangazi, mimi naogopa kuomba arabuni, wateja wa Kizungu nahisi wataniona mimi ndio tapeli. Mnaandikaje?
Mpambaji, Shela ya Lamu

JIBU: Na wao wanaogopa, ni kweli, wameambiwa huku pwani wataibiwa. Kwa hio usiombe tu pesa, jionyeshe. Jina lako kamili, picha za kazi zako wewe (sio za kuokota mtandaoni), jina la nyumba au hoteli uliowahi kupamba mtu akakubali kukutaja, na video ya dakika mbili muonane. Mgeni akishakuona uso unacheka naye hofu inamtoka, na ya kwako pia.

Kulipa asikwambie hana njia. Kuna huduma kama WorldRemit zinazotuma kutoka kwao mpaka M-Pesa yako, au alipe kwa msimamizi wa nyumba akupe mkononi na nyote muandikiane. Mimi siku hizi nikiwa na binti yangu tunaandika hivi, nakili ukitaka:

"Asante kwa kutuchagua. Tarehe 14 tumekuwekea. Bei ya watu wanne ni 32,000, arabuni 16,000 inalipwa wiki mbili kabla, iliobaki siku ya kazi kabla hatujaanza. Ukighairi siku saba kabla tunakurudishia nusu ya arabuni, kwa namba ile ile iliotuma. Hatupokei zaidi ya bei na hatumlipi mtu mwengine kwa niaba yako. Hina tutakuja kuipaka jioni ya tarehe 12, tafadhali usijipake mafuta mikononi na miguuni siku hio."