Aliyegundulika na Malaria Alikuwa Amejificha Wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nafundisha sayansi darasa la saba huku Kasulu. Kwenye jaribio la mwisho wa mwezi mwanafunzi wangu kaandika, "Wanasayansi wamevumbua sayari nyingi nje ya mfumo wa jua letu." Nikamkata alama, kwa kuwa sayari hugunduliwa, haivumbuliwi. Baba yake amenijia juu na kamusi kwapani. Nani ana haki?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Baba ana haki. Mrudishie mtoto alama yake. Vumbua ni kinyume cha vumbika, kama ilivyo funua na funika, bandua na bandika, anua na anika. Kuvumbika ni kufukia kitu majivuni au ardhini. Mkulima anayepanda udongo ungali mkavu, kabla mvua haijaanguka, anavumbika. Basi kuvumbua ni kufukua kilichofichika, na sayari zimefichika vya kutosha. Sheria ya kwamba gundua ni kwa kilichokuwepo na vumbua ni kwa kilichoundwa ilikuja baadaye, na siipingi. Naifuata mwenyewe. Inatusaidia kusema kwamba daktari Mfaransa Laveran aligundua kimelea cha malaria mwaka 1880, lakini chanjo ya malaria, ambayo Shirika la Afya Duniani lilianza kuipendekeza kwa watoto mwaka 2021, hakuna aliyeigundua: iliundwa, tena kwa jasho la miaka mingi. Hata hivyo hiyo ni adabu ya uandishi, na kwa adabu hatumkati mtoto alama.

Ukitaka kumfundisha tofauti yenyewe, achana na sayari. Panda naye boti pale Kibirizi mwende Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe, au kama nauli haitoshi msimulie tu. Novemba 1960 mtafiti Mwingereza Jane Goodall, miezi michache tangu afike, alimwona sokwe dume aliyempa jina la David Greybeard ameketi kwenye kichuguu. Anachomeka bua la nyasi tunduni, anasubiri, analichomoa limejaa mchwa, anawala. Goodall akaona pia sokwe wakichukua kijiti chenye majani, wakikikwanyua majani yote kwanza, ndipo wakakiingiza tunduni. Sasa gawa vitenzi. Nani alivumbua? Sokwe, huyu au bibi yake wa kale, maana ndiye aliyepata wazo la kukwanyua majani. Nani aligundua? Goodall. Akampelekea habari kwa simu ya maandishi Louis Leakey, mtafiti wa chimbuko la binadamu aliyemtuma Gombe, naye akajibu kwamba sasa itabidi tufasili upya zana, tufasili upya binadamu, ama tukubali sokwe ni watu. Mwone huyo: kazi yake mifupa na mawe, lakini cha kwanza kilichomjia ni fasili za maneno! Nampenda kwa hilo. Tukio moja, kijiti kimoja, vitenzi viwili, na kila kitenzi kina mwenyewe. Mfano huu nimeutumia sana. Wanaonifahamu hapa Ujiji wakisikia nimetaja kichuguu, huaga.

(Usiniulize nani aligundua Ziwa Tanganyika. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858 wakakuta watu na biashara zao, na Speke macho yalikuwa yanamsumbua kiasi kwamba hata hilo ziwa hakuliona vizuri.)

Swali lako limekwisha, mwalimu. Sasa nivumilie, kwa sababu umelitaja gundua, na mimi nina kesi ya siku nyingi na mtoto wake mmoja.

Kwenye zahanati moja ambayo sitaitaja kuna karatasi ukutani, imebandikwa kwa plasta ya kufungia vidonda, maandishi ya kalamu nene nyekundu: WALIOGUNDULIKA NA MALARIA WASUBIRI DIRISHA LA DAWA. Nilikuwa na homa siku hiyo, niliposoma nikaisahau. Waliogundulika! Walikuwa wamejificha wapi? Uvunguni mwa kitanda, wamekumbatiana na malaria yao, mpaka muuguzi akaja na tochi? Na mtu asidhani ni zahanati peke yake. Fungua redio asubuhi: mtoto kagundulika na tundu kwenye moyo, mchezaji kagundulika na jeraha la goti, shule nzima imegundulika na minyoo. Nchi nzima inagundulika.

Tazama sarufi inavyolia. Kiambishi -ik- kinasema hali ya kitu na kumwacha mtendaji nje. Kikombe kimevunjika. Ukitaka kumtaja mtoto aliyekivunja, huwezi kusema kimevunjika na mtoto, utasema kimevunjwa. Kwa hiyo "na" ikija nyuma ya kugundulika haiwezi kumleta mtendaji, inabaki kuwa "pamoja na". Mgonjwa kaonekana, pamoja na malaria. Ndio ule uvungu wangu.

Nao waandishi wana siri yao, ninaijua. Wanakimbia "amegunduliwa na malaria", kwa sababu hapo malaria ndiyo imekuwa mtafiti: imevaa koti jeupe, imeinama kwenye hadubini, imemwona mgonjwa. Wanakimbia shimo hilo, wanatumbukia la jirani. Na njia ilikuwepo, pana, kavu, ya siku zote: amegunduliwa kuwa na malaria. Maneno mawili madogo, "kuwa na", ndiyo yanayowachosha.

Wapo watakaonirukia: mbona polisi husema fulani amekutwa na bangi, na hatulalamiki? Hatulalamiki kwa kuwa kuta hukubali. Geuza sentensi uone. Askari walimkuta na bangi: sawa. Daktari alimkuta na malaria: sawa, na mgonjwa anaweza kwenda zake dirisha la dawa. Daktari alimgundua na malaria: sikio linagoma. Kama sentensi haisimami mtendaji akiwepo, kumfukuza mtendaji hakuiponyi.

Huko kumfukuza mtendaji ndiko kunakonikera zaidi, maana kumezaa "imegundulika kuwa", inayoanza kila habari ya sayansi. Imegundulika kuwa samaki wa Ziwa Tanganyika wanapungua. Imegundulika na nani? Kila mama anayeanika dagaa pale Kibirizi alikuwa anajua, na mumewe anajua zaidi, anapowasha taa ziwani usiku kucha na kurudi na beseni lisilojaa. Kwao hakukuwa na cha kugundua. Watafiti nao walifanya kazi yao, kubwa tu: walitoa mashapo kutoka chini ya ziwa, wakahesabu mabaki ya samaki na konokono tabaka kwa tabaka, na mwaka 2016 wakachapisha kwamba kupungua kulianza kabla ya uvuvi wa kibiashara wa katikati ya karne iliyopita. Sababu waliyoitaja ni joto. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki vizuri na ya chini, na virutubisho vinabaki vimekwama kilindini, wakati dagaa na mgebuka wako juu wanavisubiri. Kilichogunduliwa ni hicho: kwamba upungufu ni wa zamani kuliko meli za uvuvi, na kwamba joto lina mkono wake. Mwandishi aliyeandika "imegundulika kuwa samaki wanapungua" amewanyang'anya wavuvi walichokijua, kisha akawanyang'anya watafiti walichokipata. Kwa neno moja!

Tena gundua ina sharti ambalo hata mtoto wako wa darasa la saba analihisi: kitu lazima kiwepo. Huwezi kugundua kisichokuwepo. Unaweza kukishuku, kukikisia, kukidai, kudokeza kwamba huenda kipo, lakini ukisema umegundua, umekula kiapo. Aprili 2025 timu iliyoongozwa kutoka Cambridge ilitangaza kuwa darubini ya anga ya James Webb imeonyesha alama za gesi iitwayo daimethili salfaidi katika hewa ya sayari K2-18b, umbali ambao mwanga huusafiri kwa miaka 124. Hapa duniani gesi hiyo hutokana zaidi na viumbe vidogo sana vya baharini, ndiyo maana watu wakashtuka. Watafiti wenyewe walijihadhari, walitaka vipimo zaidi. Wenzao wakazichambua upya data zilezile wakasema hata hiyo gesi yenyewe haijathibitika. Sasa mtu mzima na akili zake anawezaje kuandika juu ya habari hiyo, "Uhai wagundulika sayari ya mbali"? Hakuna aliyeugundua, ndiyo maana kitenzi kimevaa -ik-: kinamficha mtu ambaye hayupo.

Lugha yetu ina ngazi ndefu hapa. Kuna shuku, kisia, hisi, dokeza, ashiria, onyesha, baini, gundua, thibitisha, na kila kipandio kina urefu wake. Mtafiti akisema data zinaashiria, mwandishi asimpandishe juu ya paa akamwacha huko.

Sisemi kugundulika kuzikwe. Lina kazi yake nzuri. Saratani ya shingo ya kizazi inagundulika mapema mwanamke akipimwa, yaani inawezekana kugunduliwa, kama barabara inavyopitika na mwandiko unavyosomeka. Njama zake ziligundulika, hilo nalo halina ubaya. Siri imevuja, na aliyeivujisha hatumtaki. Ninachokataa ni ile "na" ya ugonjwa na ile "imegundulika kuwa" isiyo na mwenyewe. Na najua nitashindwa. Wasomaji wengi wanaliona la kawaida, vijana hawajawahi kusikia jingine, na kamusi ijayo pengine italipa kiti. Likipewa kiti sitalifukuza, ila sitalisalimia.

Mhariri mmoja, rafiki yangu, hujitetea kwamba kichwa cha habari ni chembamba na wagundulika linajaza nafasi vizuri. Amehesabu kweli? Wagundulika ina herufi 11. Wadaiwa ina 7.