Usiifichie Mashine Aibu

Siku hizi hapa Dodoma si ajabu kupigiwa hodi na kijana mwenye kishikwambi anayesema ametoka kwenye mradi wa utafiti. Tumezoea maswali ya mbegu, vyoo na vyandarua. Sasa yamekuja mengine: wanataka kukuona ukitumia mashine yenye akili mnemba. Inaweza kuwa programu inayojibu maswali ya kilimo kwa sauti, au inayotazama jani la muhogo kwa kamera ya simu na kukuambia kama lina batobato au michirizi ya kahawia, kama ile ya Nuru iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na kituo cha utafiti wa kilimo cha IITA.

Nimekuwa mtafiti msaidizi kwenye kazi za aina hii katika vijiji vya Chamwino, Bahi na Kongwa. Kwa yeyote atakayeombwa kushiriki, ushauri wangu ni kwamba akubali, kisha asiisaidie mashine kuficha makosa yake.

Kuna bibi mmoja, mkulima wa uwele, ambaye ndiye aliyenifungua macho. Alikaa kwenye kigoda chini ya mkwaju, kishikwambi mapajani, mjukuu wake pembeni. Tulimwelekeza abonyeze alama ya kipaza sauti na aulize chochote. Akauliza kwa sauti ya chini, namna mtu anavyomuuliza mkubwa wake, afanye nini ili kwelea kwelea wasimalize masuke. Mashine ikanyamaza kidogo, kisha ikaanza kueleza upandaji wa mahindi kwa mstari, nafasi ya sentimita ngapi na mbegu ngapi kwa shimo. Bibi akasikiliza mpaka mwisho huku akitikisa kichwa kukubali. "Ahsante, mwanangu," akaiambia.

Nilipomsomea swali la kwenye fomu, kama ameridhika na jibu, akasema ameridhika sana. Nikajaza alama ya juu kabisa, maana hilo ndilo alilosema. Tulipokuwa tunafunga vifaa, mjukuu akamuuliza, "Bibi, imesemaje?" Akajibu, "Mambo ya mahindi. Mimi sina mahindi."

Fomu haikuwa na mahali pa kuandika maneno hayo. Niliyaandika pembeni kwa kalamu, na kwangu yalikuwa na thamani kuliko majibu yote yaliyokuwa juu yake.

Bibi hakusema uongo kwa nia mbaya. Kwetu mgeni aliyekuja kutoka mjini, akaingia na mtendaji wa kijiji, hasemwi mbele ya uso wake kwamba kitu chake hakifai. Zaidi ya hapo, nimeona mara nyingi kwamba mashine ikikosea, mtu hujilaumu mwenyewe. "Kiswahili changu kibaya." "Sikusoma mimi." Mzee aliyekua akiongea Kigogo nyumbani hutamka Kiswahili kwa lafudhi ya nyumbani kwake, mashine ikashindwa kumsikia, naye akaomba radhi. Inaniumiza kila ninapokutana nalo. Anayestahili kuomba radhi ni aliyeifundisha mashine kwa sauti za watu wengine.

Mitambo ya kutambua sauti hujifunza kutokana na sauti zilizorekodiwa. Mwaka 2021 mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, unaokusanya sauti za watu, ulipata fedha za kukusanya sauti za Kiswahili, na miongoni mwa waliochangia ni serikali ya Uingereza na GIZ, shirika la maendeleo la serikali ya Ujerumani. Kazi nzuri, na naiheshimu. Lakini njia yake kuu ni mtu kusoma sentensi kwa sauti, na asiyejua kusoma hawezi kuchangia kwa njia hiyo hata kama ndiye mwenye shida kubwa ya kujibiwa kwa sauti. Pengo hilo haliwezi kuonekana kwa mtu aliyekaa ofisini. Linaonekana pale mzee anapoiambia mashine jambo, mashine isielewe, na mzee akasema wazi kwamba haikumwelewa. Kulinyamazia ni kama kwenda zahanati ukamwambia daktari huumwi popote.

Adabu hii mbele ya mashine si ya Wagogo peke yao. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, wa chuo cha MIT huko Marekani, alichapisha maelezo ya programu aliyoiita ELIZA. Ilichokuwa inafanya ni kugeuza maneno ya mtu na kumrudishia kama swali, bila kuelewa chochote. Alisimulia baadaye kwamba katibu muhtasi wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi, alianza kuongea nayo kisha akamwomba yeye atoke chumbani. Kazi ile ililipiwa kwa sehemu na fedha za umma, kupitia ARPA, wakala wa utafiti wa wizara ya ulinzi ya Marekani. Somo kubwa lililobaki halikuwa la mashine bali la watu: tunaipa mashine heshima na siri zetu upesi kuliko inavyostahili. Basi ukiwa mbele ya kishikwambi na ukajikuta unaikubalia tu, simama. Jiulize ulichouliza ni nini na ulichojibiwa ni nini.

Kabla hujaanza, uliza nani analipa. Si utovu wa adabu, na mtafiti mzuri hufurahi kuulizwa. Hapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kuna maabara ya utafiti iliyoanzishwa chini ya AI4D, mpango wa akili mnemba kwa maendeleo, na wafadhili wa mpango huo mwanzoni walikuwa mashirika ya serikali, IDRC ya Kanada na Sida ya Sweden, yaani mwisho wa yote zilikuwa kodi za wananchi wa huko. Kwa upande wetu, COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ndiyo inayoratibu utafiti nchini, na mtafiti anayetoka nje ya nchi anatakiwa awe na kibali chake. Fedha ikiwa ya umma, kazi inafanywa ili watu wajue jambo, hata jambo lenyewe likiwa kwamba mashine imeshindwa. Anayetaka kuuza bidhaa anaweza kuwa na hamu ya kusikia sifa. Wote wawili unaweza kuwasaidia ukipenda, ila ujue unamsaidia nani.

Barua ya utambulisho ipite kwa mtendaji. Fomu ya ridhaa usomewe yote kwa lugha unayoielewa, si kuonyeshwa mahali pa kutia dole gumba. Hapa naomba wasaidizi wenzangu wanisikie: tunaharakisha mno, kwa sababu tumepangiwa idadi ya kaya za siku na gari linasubiri. Soma polepole. Ukifika kwenye maneno "unaweza kujitoa wakati wowote", yarudie, maana watu wengi hawaamini kwamba ni kweli.

Kuhusu sauti na picha yako, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ina makao hapa hapa Dodoma. Una haki ya kuelezwa taarifa zako zinachukuliwa kwa ajili ya nini. Basi uliza: sauti yangu itahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na itatumika kufundishia mashine nyingine? Ukijibiwa kwa kigugumizi, unaweza kukubali kuhojiwa na ukakataa kurekodiwa. Nimewaona watu wakifanya hivyo, na kazi iliendelea vizuri tu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Wakati mwingine "mashine" unayoongea nayo ni mtu. Ni mbinu ya kweli ya utafiti, ilianza kupewa jina miaka ya 1980 na Mmarekani J. F. Kelley: mtafiti anakaa chumba kingine, anajibu kana kwamba yeye ndiye kompyuta, ili waone watu wangeitumiaje kabla haijatengenezwa. Sina ugomvi na mbinu hiyo. Ila ikiisha, ni lazima uambiwe. Wakimaliza, waulize moja kwa moja, "Aliyekuwa ananijibu ni mashine au mtu?" Kama uliongea habari za ndoa au za ugonjwa ukidhani hakuna binadamu anayesikia, una haki ya kuomba yaondolewe.

Posho au sabuni utakayopewa ni shukrani kwa muda wako. Hailipii sifa.

Mwisho, dai matokeo. Hili ndilo ninalolisemea kila kikao cha mradi ninachoingia. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, hupelekwa kwa mfadhili, na kijiji kilichotoa sauti zake hakisikii tena. Siku ya kwanza kabisa, mbele ya mtendaji, waambie watafiti kwamba mtapenda warudi kwenye mkutano mkuu wa kijiji waeleze kwa Kiswahili walichokiona: mashine ilimwelewa nani, ikamshindwa nani, na wamebadilisha nini. Mikutano hiyo ipo kisheria kila baada ya miezi mitatu, hivyo nafasi haikosekani. Chukueni jina la kiongozi wa mradi na namba yake ya simu, mwenyekiti aiandike kwenye daftari la kijiji, na msimu wa mavuno ukipita bila wao kuonekana, mpigieni.