Maumivu ya kidole tumbo baada ya upasuaji

SWALI: Niliondolewa kidole tumbo miaka kadhaa iliyopita, lakini sasa nina maumivu yaleyale upande wa kulia. Je, ugonjwa unaweza kurudi?

JIBU: Unaweza, ingawa ni nadra sana. Daktari anapokata kidole tumbo huacha kisiki kifupi kwenye utumbo mpana, na kisiki hicho, hasa kikizidi urefu wa milimita 5, kinaweza kuziba na kuvimba, iwe wiki chache au hata miongo kadhaa baadaye. Dalili ni zilezile za awali: maumivu yanayoanzia kitovuni na kuhamia chini kulia, kichefuchefu, kutapika na homa. Hatari kubwa, kwa maoni yangu, ni kovu lenyewe, kwa kuwa humfanya mgonjwa, na wakati mwingine hata daktari, aliondoe tatizo hili akilini mapema mno, kisiki kikapasuka.

Nenda hospitali leo, ueleze upasuaji huo, na uombe kipimo cha CT (picha za ndani ya mwili kwa eksirei) au ultrasaundi, ambacho pia kitasaidia kutambua mawe ya figo, matatizo ya ovari au utumbo ulioziba kwa makovu ya ndani. Ikithibitika kuwa kisiki kimevimba, kwa kawaida huondolewa kwa upasuaji, pamoja na kupewa antibiotiki.