Jibu: Programu ya kukuza picha ya marehemu bibi ichapwe A3

Habari ndugu, na pole. Nimekuelewa: picha ya bibi ulitumiwa kwa WhatsApp, unataka A3, na kila ukiikuza inatoka na ukungu.

Kwanza mwombe aliyepiga akutumie faili halisi kama dokumenti. WhatsApp ikituma kikawaida huibana picha, na kilichopotea hapo hakirudi. Kisha angalia vipimo: A3 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi ya karatasi) inataka pikseli 3508 kwa 4961. Kwa picha ya ukutani, nusu ya hapo kila upande inatosha.

Mimi natumia Upscayl, programu ya kompyuta inayokuza picha kwa akili bandia. Ni ya bure, ila kompyuta iwe na kadi ya picha inayokubali Vulkan (mfumo ambao programu hutumia kuiendesha kadi hiyo). Anza na mara mbili, halafu tazama macho na pindo la kanga kwa asilimia 100. Ya mama yangu niliikuza mara nne: mikunjo ya uso ikafutika, jina la kanga likawa vimistari visivyosomeka. Programu hizi hubuni, na sura ya mzazi haibuniwi. Ikitokea hivyo, rudi kwenye picha ya mwanzo, uikuze kwa GIMP (programu ya bure ya kuhariri picha) ukichagua njia ya kukuza iitwayo NoHalo, isiyobuni kitu. Itakuwa laini kidogo, lakini ni yeye.

Ukienda Kariakoo, omba wachape kwanza uso tu, kwa ukubwa uleule utakaokuwa nao kwenye A3, ila kwenye karatasi ya A4.